Mboji, Hifadhi, Jamii: Uhakiki wa Istilahi za Misitu ya Kinamasi

Miongoni mwa kazi zilizoletwa mezani petu zikaguliwe kabla ya kupelekwa kiwandani kupigwa chapa, kimo kijitabu cha kurasa arobaini kinachoeleza misitu ya kinamasi ya Bonde la Kati la Kongo na namna wenyeji wake wanavyoweza kuilinda. Kimefasiriwa kutoka Kifaransa. Hatumtaji mfasiri wala waliompa kazi, kwa kuwa Kiswahili chake kimenyooka na bidii yake inaonekana katika kila ukurasa. Tena, katika makosa tutakayoyaeleza, mawili sisi wenyewe tumewahi kuyapitisha na kuyatia muhuri. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba maneno matatu tu, ambayo kila mmoja wetu huyatumia pasipo kusita, yametosha kukifanya kijitabu hiki kimwambie msomaji kinyume cha yale yaliyokusudiwa.

Yawezekana msomaji akauliza vinamasi vya Kongo vina uhusiano gani na Kiswahili. Watu wa Mbandaka na wa kandokando ya Ziwa Tumba husema Kilingala na lugha zao za asili. Kiswahili cha nchi ile makao yake ni mashariki, mbali sana na huko. Hilo ni kweli, na kijitabu chenyewe kingefanya vyema kulikiri. Lakini Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini humo, na tangu Julai 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipopata uanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, misitu yake si habari ya mbali tena kwa watumishi wa Dodoma, Nairobi na Arusha. Mtumishi atakayeketi kikaoni kuujadili msitu ambao hajapata kuuona, ataujadili kwa maneno aliyopewa na mfasiri.

Tuanze na neno lililo zito kuliko yote, yaani jina la kitu chenyewe. Waingereza hukiita peat, Wafaransa tourbe. Katika msitu wa kinamasi, majani, matawi na mizizi iliyokufa huangukia maji yaliyotuama. Hewa haipenyi humo, na pasipo hewa bakteria na kuvu hawawezi kuikamilisha kazi yao ya kuozesha. Basi mabaki yale hulundikana, tabaka juu ya tabaka, kwa maelfu ya miaka, yakiwa yamelowa, rangi ya kahawia au nyeusi, na mara nyingi mtu akiyashika mkononi bado huona nyuzi za mizizi na vipande vya miti. Kaboni iliyokuwa katika miti ile hubaki humo humo. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza na wa Jamhuri ya Kongo (Brazzaville), wakiongozwa na Greta Dargie na Simon Lewis, walichapisha katika jarida la Nature makadirio ya tabaka hizo katika Bonde la Kati: kilomita za mraba 145,500, zenye kaboni ipatayo tani bilioni 30. Mwaka 2022 eneo lilikadiriwa upya, likawa kilomita za mraba 167,600, yaani zaidi ya mara sita ya Rwanda nzima. Pengine tabaka hizo zinapita kina cha mita sita.

Mfasiri wetu amekiita kitu hiki mboji, na msitu wenyewe msitu wa mboji. Hakubuni, ndivyo kinavyoitwa katika tafsiri nyingi za miaka ya karibuni, nasi tuliliona neno hilo mara kadhaa tukalipitisha kwa kuwa lilikuwa la Kiswahili na lilikuwa karibu. Kosa letu lilikuwa hapo. Mkulima wa Moshi au wa Tukuyu akisikia mboji hafikirii maji. Hufikiria shimo la takataka nyuma ya nyumba, majani ya migomba na samadi vilivyooza hata vikawa udongo mweusi, mwepesi, ufaao kutiwa katika kitalu cha mboga. Mboji ni sifa njema ya ardhi. Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kwamba udongo wenye mboji ndio wenye rutuba, na wenye rutuba ndio wa kulimwa. Sasa katika ukurasa wa tatu wa kijitabu msomaji anaambiwa kwamba bonde zima limejaa mboji, tena yenye kina cha mita kadhaa. Tulimpa bwana shamba mmoja ukurasa ule ausome pasipo kumweleza lolote. Alipomaliza alituuliza kwa nini watu wa huko hawajachimba mifereji.

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Neno ndilo lililomwelekeza huko. Na jibu lake lilikwisha kutolewa Indonesia kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa mwaka 1995 Rais Suharto aliamuru hekta milioni moja za ardhi ya namna hii katika Kalimantan ya Kati zigeuzwe mashamba ya mpunga. Msitu ulikatwa, mifereji ya zaidi ya kilomita 4,000 ikachimbwa, na maelfu ya familia zikahamishiwa huko kutoka Java na kwingineko. Mpunga haukustawi kama ilivyotarajiwa, kwani ardhi hii ina uchachu mwingi na virutubisho haba. Lakini mifereji iliendelea kutoa maji. Tabaka zilipokauka hewa ikaingia, na yale yaliyokuwa yamekaa maelfu ya miaka yakaanza kuoza kwa kasi, ardhi ikadidimia, hewa ukaa ikatoka. Ulipokuja ukame wa mwaka 1997 ardhi yenyewe ikashika moto, moto wa chini kwa chini ambao mtu hauzimi kwa ndoo. Kaboni iliyotoka katika moto wa vinamasi vya Indonesia mwaka ule ilikadiriwa kuwa kati ya tani bilioni 0.81 na 2.57. Mwaka 1999 mradi ukafutwa. Wadayak wa kandokando ya mito ile walikuwa wamelima karibu na mto tu, ambako tabaka ni jembamba, nao ndani zaidi huingia kutafuta samaki, rotani na utomvu. Hawakuhitaji mradi kuwaambia kina kinaanzia wapi.

Kwa hiyo mboji ya mkulima na kitu hiki cha kinamasini ni hali mbili zinazopingana: kile kimekwisha kuoza na kwa sababu hiyo kinafaa, hiki kimezuiliwa kisioze na kwa sababu hiyo kinafaa kuachwa. Istilahi inayoviunganisha inaficha jambo lenyewe linalotakiwa kufundishwa.

Je, tuseme nini badala yake? Udongo wa kinamasi hautoshi, kwa kuwa vipo vinamasi vingi vya mfinyanzi na mchanga visivyo na chembe ya kitu hiki. Tope jeusi ni maelezo ya rangi. Utohozi kutoka Kiingereza utatupa piti, na kutoka Kifaransa turbu, na kwa kuwa Kongo na Burundi husoma Kifaransa, ilhali Tanzania, Kenya na Uganda husoma Kiingereza, tutakuwa tumejipatia maneno mawili kwa kitu kimoja tangu siku ya kwanza. Wapo walioandika makaa ya kinamasi. Hao wameitazama Rwanda na Burundi, ambako kitu hiki huchimbwa kikaunguzwa: Burundi ina shirika la umma kwa kazi hiyo tangu mwaka 1977, na Rwanda imejenga mitambo ya umeme ya namna hiyo huko Gishoma na Gisagara. Hatuwalaumu majirani wanaotafuta nishati katika nchi zenye kuni chache. Lakini jina linaloanza na makaa limekwisha kumwambia msomaji kitu hicho ni cha nini.

Kinyarwanda kina jina lake lenyewe, nyiramugengeri. Kwa mujibu wa taratibu tulizorithi, Kiswahili kikikosa neno hutazama kwanza lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kuvuka bahari. Ndivyo tulivyopata ngeli kutoka Kihaya. Tulilifikiria sana neno hili. Urefu wake ungevumilika. Kilichotuzuia ni kwamba kwa mwanafunzi wa Lindi au wa Lamu ni geni sawasawa na piti, na halimwambii chochote mpaka afafanuliwe.

Pendekezo letu ni mboji mbichi. Neno bichi katika kazi ya shamba lina maana mahususi ambayo kila mkulima anaijua: samadi mbichi ni ile ambayo haijaoza ikaiva, na anayeitia shambani huunguza mazao. Mboji mbichi basi husema mambo mawili kwa pamoja, kwamba kitu hiki asili yake ni mimea kama mboji, na kwamba bado hakijawa mboji na hakifai kupandwa juu yake. Wenzetu wawili ofisini walipinga wakisema kwamba kilicho kibichi hungojewa kiive. Hoja hiyo ni nzuri, lakini tunaona inatuunga mkono. Kinamasi kikikaushwa, mboji mbichi huiva kwelikweli, na kuiva kwake ndiyo hasara yote. Watafiti wameonyesha, katika makala ya mwaka 2022, kwamba hata katika Bonde la Kati lenyewe, hali ya hewa ilipokauka miaka elfu kadhaa iliyopita, tabaka nyingi zilioza zikapotea, na hazikuanza kulundikana tena ila mvua zilipoongezeka yapata miaka 2,000 iliyopita. Hofu yetu kubwa ni nyingine: waandishi wa sheria na wa magazeti, kwa kupenda ufupi, watalidondosha neno la pili, nasi tutajikuta tulipoanzia. Tulimrudia yule bwana shamba na maneno mboji mbichi, bila maelezo. Akasema hiyo haipandiki kitu.

Neno la pili halitachukua nafasi kubwa. Jalada la kijitabu linatangaza hifadhi ya jamii katika misitu ya mboji. Mtumishi yeyote wa Tanzania akiona hifadhi ya jamii hukumbuka makato ya mshahara wake, kwa kuwa ndiyo maana iliyomo katika jina la Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Karani wetu wa masjala alikipokea kijitabu, akakiweka pamoja na barua za pensheni, na kwa siku tisa hatukukiona. Lakini hata tukiacha mgongano huo, hifadhi limekwisha kuwa jina la mahali. Watu husema hifadhini, husema mipaka ya hifadhi, na kwa wengi wanaoishi karibu nayo hifadhi ni pale penye bikoni na askari, pasipoingiwa. Kijitabu kinachotaka kumwambia mvuvi wa Ziwa Tumba kwamba ataendelea kuvua kama babu yake hakiwezi kuanza kwa neno linalomwambia atoke. Tungependa utunzaji. Mtu hutunza alicho nacho, na hukitunza akiwa anakitumia. Uhifadhi, lenye u- mwanzoni, libaki kwa kazi ya jumla ya taaluma.

Sasa tuje kwenye jamii, na mwandani wake shirikishi, ambalo ni la pili katika yale tuliyoyapitisha wenyewe. Mzizi ni -shiriki. Mtu hushiriki ngoma, hushiriki mazishi ya jirani, kwa hiari yake na kwa haki yake. Tukiongeza -sha anatokea mtu wa pili, ambaye humfanya wa kwanza ashiriki. Tukiongeza -wa, wa kwanza anabaki kuwa mtendewa. Mwenye nyumba hashirikishwi nyumbani kwake. Anayeshirikishwa ni mgeni. Katika kijitabu hiki wenyeji wanashirikishwa karibu katika kila ukurasa, wanaelimishwa na kuhamasishwa katika kurasa nyingi, na mahali pawili tu wanaamua. Tuliurudia Kifaransa. Humo wenyeji ndio wanaochora ramani, ndio wanaokaa kikao, ndio wanaosimamia. Mfasiri hakuongeza neno hata moja la kwake. Alifuata tu mazoea ya Kiswahili cha miradi, na mazoea hayo yakamgeuzia watendaji kuwa watendewa.

Kwetu Tanzania usimamizi shirikishi wa misitu, uliopata nguvu kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, umefunika mipango miwili iliyo tofauti sana. Katika mmoja msitu ni wa kijiji, na kijiji ndicho kinachoamua. Katika mwingine msitu ni wa serikali au wa mwingine, nacho kijiji hugawana naye kazi na mapato kwa makubaliano. Kuiita yote miwili shirikishi kumewatatiza walimu na maofisa wetu vya kutosha. Kukisafirisha kikwazo hicho hadi Kongo ni kuwaonea watu ambao sheria yao imesema kwa uwazi zaidi. Sheria ya misitu ya Kongo ya mwaka 2002 inaieleza jumuiya ya mahali kuwa watu waliopangika kwa mila, waliounganishwa na mshikamano wa ukoo au wa ujamaa wa damu, na walioshikamana na eneo lao maalum. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaipa jumuiya ya namna hiyo, juu ya msitu inaoumiliki kimila, haki ya daima isiyozidi hekta 50,000. Jamii ni neno pana mno kubeba maana hiyo. Jamii ni Watanzania wote, ni wasomi, ni wanadamu. Kijiji nacho si sawa, kwa kuwa kijiji chetu ni ngazi ya utawala. Tunapendekeza jumuiya ya wenyeji. Ama ile haki ya daima, mfasiri ameiita kibali. Kibali hutolewa, kibali huisha muda, kibali hunyang'anywa. Mwenye kibali cha kukata mbao na jumuiya yenye haki ya daima wamewekwa katika safu moja, na msomaji hana njia ya kujua kwamba mmoja wao hapaswi kuondoka.

Jambo hili si dogo mahali ambapo wengi wanaigombea ardhi. Julai 2022 serikali ya Kongo ilitangaza mnada wa vitalu 30 vya mafuta na gesi, baadhi yake vikiwa juu ya mboji mbichi. Mnada wa vitalu vya mafuta ukafutwa mwaka 2024, na mwaka 2025 vitalu vingine vikatangazwa. Katika mashindano ya namna hiyo jumuiya itaulizwa karatasi yake inasema nini.

Kabla hatujaendelea, neno moja tu kuhusu mbilikimo, ambalo linaonekana katika ukurasa wa kumi na nane. Watu hao wana jina, Batwa, na Kongo ilipitisha sheria ya kulinda haki zao mwaka 2022. Kumtaja mtu kwa kimo chake katika kitabu kinachodai haki yake ni jambo ambalo mhariri yeyote angelikata, nasi tumelikata.

Wapo watakaosema kwamba tunayapa maneno uzito yasiostahili, na kwamba msitu hulindwa kwa watu wala haulindwi kwa istilahi. Mkubwa wetu mmoja wa kazi, ambaye tunamheshimu, alituambia hivyo tulipomwonyesha rasimu ya makala haya. Tulimjibu kwa kumrudisha Indonesia. Sheria ya misitu ya nchi ile ya mwaka 1999, kifungu cha kwanza, ilieleza msitu wa mila kuwa ni msitu wa dola uliomo katika eneo la jumuiya ya kimila. Kwa neno hilo moja, negara, yaani dola, msitu wa mababu ulikuwa mali ya serikali hata pale sheria ilipokuwa ikiutaja kwa jina la wenyewe. Muungano wa jumuiya za kimila, pamoja na jumuiya mbili, mojawapo ikitoka Riau, ulikwenda Mahakama ya Katiba. Tarehe 16 Mei 2013 mahakama iliamua kwamba neno lile linapingana na katiba, likaondolewa, na maana ikabaki kuwa msitu uliomo katika eneo la jumuiya ya kimila. Hawakuandika sheria mpya, walitoa neno. Desemba 2016 Rais Joko Widodo alikabidhi hati za kwanza za kuitambua misitu ya mila, kwa jumuiya tisa. Hati tisa ni chache kwa nchi kubwa kama ile, na neno peke yake halikuzima moto wowote. Lakini lilipokuwapo lilikuwa limefunga mlango.

Mkubwa wetu hakukubali yote. Alisema kwamba Waindonesia walikuwa na mahakama na sisi tuna kijitabu, na hilo hatuna la kulijibu.

Kijitabu tumekirudisha kikiwa na masahihisho haya: mboji mbichi kwa mboji, kila mahali ila pale inapotajwa bustani, utunzaji wa misitu unaoongozwa na jumuiya za wenyeji kwa hifadhi ya jamii, haki ya daima ya msitu wa jumuiya kwa kibali, na kila -shirikishwa isomwe tena dhidi ya Kifaransa ili mtendaji arudishiwe kazi yake. Mfasiri ameandika kuyakubali, isipokuwa utunzaji, ambalo anaona ni la nyumbani mno kwa kitabu cha taaluma. Tumemwachia aamue, maana kazi ni yake.

Kuhusu mboji mbichi, bado hatujaipeleka mbele ya kamati ya usanifishaji, wala hatutaipeleka mpaka tujue watu wanaoishi juu ya ardhi ya namna hii katika nchi zetu wanaiitaje. Wako wanaoishi karibu na kasoko ya Kyambangunguru katika eneo la volkano la Rungwe; wako wa Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, ambako ukikanyaga ardhi hutikisika; wako wakulima na wavuvi wa vinamasi vya mafunjo vya Uganda. Wasomaji wenye kuzijua lugha hizo watuandikie, na tafadhali walete sentensi nzima ambamo mzee au mvuvi amelitumia neno, pamoja na jina la mahali aliposemea, kwa kuwa neno likija peke yake hatuwezi kujua kama ni la udongo, la tope, au la kuni.